UZI: Picha na video darasani, walimu wa Dodoma na Kanda ya Kati tuweke hapa kinachofundisha kweli

Chaki ya Mvumi (mleta uzi)

Mbukwenyi wadau. Walimu wenzangu wa Dodoma na Singida, na wazazi mliomo humu, naomba jambo hili tulijadili kwa kina, maana naona tunalipitia juu juu.

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024, kila semina tunahimizwa kutumia TEHAMA. Ukifungua muhtasari wa somo, kwenye safu ya zana unakuta picha, video, projekta. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Zipo shule zilizopata kompyuta kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, nyingine zimenunuliwa runinga na wazazi au wanafunzi waliosoma pale zamani. Kwa hiyo kilio cha kifaa hakijaisha, ila kuna shule ambazo sasa kifaa kipo, na swali limebadilika. Kikishawashwa, mwanafunzi anafanya nini?

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnikosoe vizuri. Video ikiachwa ijiendeshe yenyewe haifundishi. Kinachofundisha ni mwalimu kuisimamisha na kuuliza. Na picha uliyoipiga mwenyewe hapa hapa kijijini mara nyingi inamfikisha mtoto mbali kuliko filamu ya dakika 20 uliyoipakua.

Chukueni mada ya uzazi wa mimea. Darasa lina wanafunzi zaidi ya 80, umekata ua moja la haibiskasi kwenye uzio wa ofisi, umesimama nalo mbele. Wanaoliona ni wa madawati ya mbele. Ukisema lipite mkono kwa mkono, likifika safu ya tatu chavua imekwisha na petali zimesinyaa.

Sasa nafanya hivi. Juu ya meza naweka kiti, kwenye kiti nafunga waya wa kufungia nondo niliokwisha kuupinda, na simu inalala pale kamera ya nyuma ikitazama chini. Simu inaunganishwa na kompyuta mpakato kwa waya wa USB, programu ya bure inaitwa scrcpy inaleta kioo cha simu kwenye kompyuta, na kompyuta inapeleka picha kwenye runinga. Bando halihitajiki hata kidogo. Chini ya ua natandika karatasi nyeusi. Simu naiweka kwenye hali ya ndege ili meseji zangu binafsi zisije zikajitokeza mbele ya watoto.

Kabla ya kugusa wembe, nasogeza ua karibu na kamera mpaka ncha ya pistili, ile sehemu ya kike ya ua, ijae kwenye runinga. Nauliza, stigma ina vichwa vingapi? Wanahesabu, vitano. Haya, kila mmoja aandike kwenye daftari: nikikata ovari kwa upana, ndani mtakuta vyumba vingapi? Wengine wanaandika kimoja, wengine viwili, wapo wanaoandika vitano na wanabisha kwa sauti kwa nini iwe vitano. Nawaacha wabishane. Halafu wembe unapita polepole na darasa zima linaona vyumba vitano, kila kimoja kina ovyuli (zitakazokuwa mbegu) ndogo nyeupe zimejipanga kuelekea katikati. Yule aliyeandika kimoja harudi nyumbani na jibu langu, anarudi na alichokiona.

Linganisheni na filamu ya uchavushaji kutoka mtandaoni. Picha nzuri sana, nyuki anaonekana hadi vinyweleo vya miguu. Lakini msimulizi anaongea Kiingereza cha haraka, na mtoto wetu wa Kidato cha Kwanza ametoka kusoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili. Ana kazi tatu kwa wakati mmoja: kusikia lugha, kufuata picha, na kuelewa dhana. Kwa hiyo mimi nazima sauti. Nachukua kipande kisichozidi dakika tatu, nasimulia mwenyewe taratibu, na maneno mapya manne au matano nayaandika ubaoni kabla sijawasha chochote.

Hili si la kubuni. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara amefanya majaribio kwa miaka mingi kuhusu namna watu wanavyojifunza kwa picha na maneno. Picha pamoja na maneno hushinda maneno peke yake. Lakini ukiongeza muziki wa nyuma, mapambo, na vitu vya kuvutia visivyohusu mada, uelewa unashuka. Ukikata somo vipande vifupi vyenye mapumziko, unapanda. Sababu yenyewe inaeleweka: sehemu ya akili inayoshika mambo mapya kwa muda huo ni ndogo, na John Sweller alilieleza hilo tangu 1988 katika nadharia yake ya mzigo wa akili. Tukimjaza mtoto vinavyong'aa, nafasi ya mada inakwisha.

Naomba mchango hasa kwenye umeme, masomo ya sanaa, na watoto wenye mahitaji maalumu. Karibuni.

Mzazi Ipagala

Ahsante mwalimu. Naongea kama mzazi. Mwanangu yuko sekondari moja hapa mjini, shule ina vifaa kweli. Jioni namuuliza leo mmesoma nini, ananiambia tumeangalia video. Ya nini? Ya moyo. Moyo unafanyaje? Hapo anakwama. Sikulaumu kifaa, nilichanga na mimi na sijuti. Ila ningeomba mwalimu akionesha video ya moyo, mtoto arudi na daftari lenye kitu cha siku hiyo. Hata kama ni mchoro mbaya na mistari mitatu, mimi mzazi nitapata pa kuanzia kumuuliza.

Fundi Nzuguni

Upande wa umeme nitasaidia, kazi yangu ni sola na nyaya.

Shule nyingi zinakimbilia projekta kwa sababu picha yake ni kubwa. Kwa mazingira yetu mimi nashauri runinga kwanza. Projekta ya taa ya kawaida inakula wati 200 hadi 300. Runinga ya LED ya inchi 32 inakula wati 40 hadi 60, ya inchi 43 inaweza kufika 70 hadi 100. Sasa chukua betri moja ya volti 12 yenye Ah 100 (ampea-saa). Kwa hesabu ni wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi na asidi usiishushe chini ya nusu, utaiua mapema. Umebaki na 600, inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uendeshe runinga, nayo inachukua chake, tuseme una 500 za kutumia. Projekta ya wati 250 itakupa saa mbili, ndiyo vipindi vitatu vya dakika 40. Runinga ya wati 50 itakupa saa kumi, ukiweka na kompyuta mpakato pembeni itapungua ila bado inaishinda projekta kwa mbali. Jua la Dodoma ni jingi, paneli ya wati 100 siku ya anga safi inakurudishia wati-saa 400 hadi 500.

La pili ni mwanga. Madarasa yetu yana madirisha makubwa pande zote mbili, na mchana jua linaingia kwa nguvu. Projekta inafifia mpaka ufunge madirisha, ukiyafunga chini ya bati saa saba mchana watoto wanachemka. Runinga inavumilia mwanga zaidi.

La tatu, vumbi. Ule upepo wa Julai hadi Septemba unaujua kila anayeishi hapa. Kichujio cha projekta kisiposafishwa, feni inahangaika, taa inakufa kabla ya wakati. Mfunike kifaa kwa kitambaa kikiwa kimezimwa na kimepoa, msifunike kikiwa bado cha moto.

Mzee wa Bahi

Wanangu, nimefundisha kwa chaki mpaka nikastaafu. Nawasoma kwa makini na sipingi. Lakini nisikilizeni kwenye moja.

Nilipokuwa nachora moyo ubaoni, nilianza na duara la chumba kimoja, nikasema neno, watoto wakachora. Nikaongeza ukuta wa kati, nikasema neno, wakachora. Mchoro ulikua mbele ya macho yao kwa mwendo wa mikono yao. Picha ya kwenye kioo inatokea imekamilika, ina mishipa yote, ina rangi zote, ina majina yote. Mtoto haoni pa kuanzia. Nahofia mwalimu kijana atakayeacha kuchora kwa sababu picha ipo. Mwalimu asiyeweza kuchora ini ubaoni, mimi nitamuuliza kama analijua ini.

Chaki ya Mvumi

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma maneno yako zaidi ya mara moja, na nakubaliana nawe karibu yote. Mchoro unaokua hatua kwa hatua unafundisha kuliko mchoro uliokwisha kukamilika, na ndiyo maana hata slaidi nazitengeneza hivyo: slaidi ya kwanza ina umbo tupu, inayofuata inaongeza sehemu moja, na kuendelea, watoto wakichora pamoja nami. Ninapotofautiana nawe kidogo ni kwenye vitu vinavyotembea. Vali za moyo zinafunguka na kufunga kwa zamu, na chaki haiwezi kuonesha zamu hiyo. Pale naonesha sekunde 30 za mwendo bila sauti, nazima, halafu wanachora moyo hali vali zimefungwa na tena hali zimefunguka. Kazi ya mchoro naiweka baada ya kioo kuzimwa.

Mzazi Ipagala, hilo la daftari nimelichukua. Kipindi chenye video kisichoacha kitu kwenye daftari nakihesabu hakijakamilika.

Mwl wa Kondoa

Nafundisha Jiografia huku Kondoa. Naomba niandike kwa urefu kidogo maana mleta uzi amegusa kitu ninachokipenda, picha za kwetu.

Mada ya mmomonyoko wa udongo, kitabuni unakuta mchoro wa korongo lisilojulikana liko nchi gani. Na sisi tumekaa juu ya mfano wenyewe. Kwa wasiojua, vilima vya Irangi vilikuwa vimemomonyoka vibaya mno hata mwaka 1973 Serikali ikaanzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa yote kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Wazee wa huku wanalikumbuka jambo hilo kwa uchungu na kwa heshima pia, kwa sababu liligusa mali ya kila nyumba.

Google Earth ina kitu kinaitwa Timelapse, picha za satelaiti za mwaka hadi mwaka kuanzia 1984. Nilikwenda mahali penye mtandao mzuri, nikatafuta bonde la Haubi na vilima vinavyolizunguka, nikapiga picha za kioo kwa miaka niliyoitaka nikizingatia eneo liwe lile lile na ukubwa ule ule. Nikazipanga kwenye slaidi. Darasani sihitaji mtandao.

Ninachouliza kwanza ni chepesi: kijani kimeongezeka au kimepungua? Wanabishana sana, na wana haki ya kubishana, kwa sababu kuna miaka picha inarudi kuwa ya kahawia. Hapo tunaingia kwenye somo lenyewe. Je, miti imekatwa, au ni mwaka wa mvua chache? Picha moja haiwezi kukujibu. Inabidi uangalie miaka kadhaa mfululizo, na uwe na takwimu za mvua pembeni. Mtoto wa Kidato cha Tatu akishaelewa hilo, kila picha ya kabla na baada atakayooneshwa na mtu mtandaoni ataiuliza ilipigwa mwezi gani.

Halafu nawauliza swali ninalolipenda kuliko yote. Mifugo iliondolewa 1979. Picha zetu zinaanza 1984. Kwa hiyo uharibifu wenyewe uko wapi kwenye picha hizi? Haupo, au upo mkia wake tu. Tunachokiona ni ardhi ikianza kupona. Kioo hakina sehemu ya mwanzo ya hadithi hii. Nawapa kazi ya nyumbani: muulize babu, bibi, au mzee yeyote jirani, ng'ombe walikuwa wanalishwa wapi, mchanga ulikuwa unajaa wapi, na walipoambiwa waondoe mifugo waliipeleka wapi. Waliporudi na majibu, walileta majina ya makorongo ambayo hayapo kwenye ramani yoyote niliyonayo. Tumeyaandika juu ya zile picha za satelaiti, na sasa slaidi zetu zina majina ya Kirangi.

Jambo moja la kiufundi wenzangu wa Jiografia msiliache. Picha hizo za miaka ya nyuma zinatokana na satelaiti za Landsat, na nukta moja ya picha ni kama mita 30 kwa 30 ardhini. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100 unaingia kwenye nukta tatu tu na kidogo. Korongo la upana wa mita nane ambalo kila mtoto amelivuka akija shule halionekani vizuri. Basi tunatoka nje na simu. Mwanafunzi mmoja anasimama ukingoni ameshika fito ya mita mbili iliyopakwa alama kila nusu mita, mwingine anapiga picha kutoka kwenye jiwe tulilolitia rangi. Tunapiga Novemba kabla ya mvua, tunapiga tena Mei zikiisha, jiwe lile lile, fito ile ile. Kipimo cha upana wanakisoma wenyewe kwenye picha kwa uwiano, na mwalimu wa Hisabati amekichukua kipindi hicho kufundishia uwiano.

Fizikia Manyoni

Mwl wa Kondoa, umenipa hamu ya kuwa mwanafunzi tena.

Upande wa Fizikia na Kemia nawashauri PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Aliyeianzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, aliyepata tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2001. Ni bure, unapakua na kuitumia bila mtandao, na nyingi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Ya saketi naitumia sana. Mwanafunzi anavuta betri, anavuta balbu, anaunganisha waya, na anaona chaji zikitembea ndani ya waya.

Lakini nina tahadhari. Saketi ya kwenye kioo haina waya uliolegea wala betri iliyochoka. Kwenye mtihani wa vitendo mtoto anakutana na ammita halisi (kipima mkondo wa umeme) ambayo sindano yake inakwenda kinyume kwa sababu amegeuza ncha chanya na hasi. Mimi naanza na vitu vya mkononi: betri za tochi, balbu, nyaya zilizochunwa. Wakishafanikiwa kuwasha na wakashindwa kueleza kwa nini balbu mbili za mfululizo zina mwanga hafifu, ndipo nafungua PhET waone kinachotokea ndani ya waya, mahali ambapo jicho haliwezi kuingia. Nikianza na kioo, wanadhani saketi ni mchezo wa kompyuta.

Chaki ya Mvumi

Mwalimu wa Manyoni umenyoosha vizuri. Kioo kioneshe kisichoonekana kwa macho, au kilicho mbali, au kilichopita. Kinachoshikika kishikwe.

Historia Kongwa

Kwa kilichopita nipo mimi.

Kongwa ina utajiri wa picha. Mpango wa Karanga wa Waingereza ulianza hapa 1947 na ukafa 1951. Picha za wakati ule zipo mtandaoni, matrekta yakifyeka vichaka. Baadaye, kuanzia 1964, Kongwa ikawa na kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Watoto wanapita karibu na mahali pale kila siku.

Picha ya zamani naionesha moja tu kwa kipindi kizima. Dakika mbili za mwanzo hakuna kusema, kila mtu anaandika anachokiona, si anachokidhani. Kisha nauliza aliyepiga picha alisimama upande gani, na nani hayupo kwenye picha. Kwenye picha ya trekta, mara nyingi dereva na ofisa wanaonekana vizuri, na waliokuwa na makazi au malisho kwenye kichaka kile hawapo kabisa. Mjadala unaanzia hapo na hauishi kengele ikilia.

Naomba pia nionye jambo ambalo linanikera kweli. Siku hizi mwalimu akikosa picha anaiambia akili mnemba imtengenezee. Nimeona slaidi ya somo la Historia ya Tanzania na Maadili ikiwa na "nyumba ya asili ya Wagogo", na kilichochorwa ni msonge wa duara wenye paa la nyasi lililochongoka. Tembe la Mgogo lina paa bapa la udongo juu ya miti, na kuta zake zimenyooka. Mtoto wa hapa ambaye bibi yake alizaliwa ndani ya tembe anafundishwa na mashine kuwa bibi yake alizaliwa kwenye msonge, na anaamini kwa sababu picha inaonekana kama imepigwa kwa kamera. Kwa somo la Historia mimi nasema picha isiyojulikana ilipopigwa na aliyeipiga isiingie darasani. Mtaani kwenu bado kuna tembe au mabaki yake? Nenda kapige, ukiwa na ruhusa ya wenyewe.

Na walio karibu na barabara ya Babati wasisahau michoro ya miambani ya Kolo, ipo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Hapo hakuna haja ya mashine kubuni chochote.

Mwl Elimu Maalum Chamwino

Naomba mnisikilize na mimi, maana watoto wangu huwa wanasahaulika kwenye mijadala ya namna hii.

Kama darasani una mtoto asiyeona, acha kusema "kama mnavyoona hapa". Sema kilichopo. "Mstari unaanzia chini kushoto unapanda kwenda juu kulia, unapofika katikati unalala." Utashangaa wanaoona nao wanaelewa zaidi, kwa sababu umewaambia waangalie wapi. Ukiweza, mpe kitu cha kugusa, kama lile ua la mleta uzi. Yeye apewe lake mkononi wakati wenzake wanatazama runinga.

Kwa mtoto kiziwi, kosa kubwa ni kuongea au kutafsiri kwa alama huku video inatembea. Macho yake ni mawili na yanatazama mahali pamoja. Akimtazama mkalimani video imempita, akitazama video maelezo yamempita. Onesha kipande, simamisha, washa taa au fungua dirisha, ndipo utafsiri. Na usifundishe umegeukia kioo, wapo wanaosoma midomo.

Rangi pia. Wapo watoto, hasa wa kiume, wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wengi hawajawahi kumwambia mtu. Ukisema "angalieni sehemu ya kijani" mtoto huyo anakaa kimya. Weka herufi au mistari juu ya rangi.

Halafu nendeni mkakae dawati la mwisho kabla ya kipindi. Runinga ya inchi 43 kimo chake ni sentimita 53 hivi. Maandishi yanayosomeka vizuri ukiwa mita tatu, ukiwa ukuta wa nyuma ni vidoa.

Mdau wa Uthibiti Ubora

Nimefuatilia uzi mzima. Kwa uzoefu wangu wa kukaa nyuma ya madarasa, nitaongeza mawili tu.

Andalio la somo liandikwe dakika ambayo video itasimamishwa na swali litakaloulizwa hapo. Nikikuta limeandikwa "mwalimu ataonesha video", najua swali litatafutwa papo hapo na mara nyingi halipatikani.

La pili, picha za wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na uso wa mtoto ni taarifa binafsi. Unaporekodi kipindi chako kwa ajili ya wenzako wa MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), elekeza kamera kwenye mikono, meza na ubao. Ukitaka nyuso, zungumza na mkuu wa shule na upate ridhaa ya wazazi kwanza, na usirushe kwenye makundi ya WhatsApp.

Mwl Mpya Bahi

Habari za jioni walimu wangu. Nimeajiriwa juzi juzi, niko shule ya pembezoni, tuna runinga moja ofisini kwa mkuu wa shule na kompyuta mpakato yangu ya chuoni. Nimejaribu ule waya wa simu kwenda runinga moja kwa moja, haioneshi kitu. Na scrcpy nimepakua ila inasema haioni simu. Nisaidieni, Jumatatu nina sehemu za mbegu ya maharage.

Chaki ya Mvumi

Hongera kwa ajira mdogo wangu, na karibu kazini.

Kuhusu waya wa moja kwa moja, simu nyingi za bei ya chini tundu lake la USB halitoi picha, kwa hiyo si runinga mbovu. Pitia kompyuta tu. Kwa scrcpy, nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu inayoeleza kuhusu simu, tafuta namba ya toleo (Build number) na uibonyeze mara saba. Itakufungulia menyu ya wasanidi (Developer options). Ndani yake washa utatuzi wa USB (USB debugging). Chomeka tena, simu itakuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo, kubali. Ikiwa bado haioni, badilisha waya. Nyaya nyingi tunazonunua mtaani ni za kuchajia tu, hazipitishi data.

Maharage yaloweke Jumapili jioni, ganda litabanduka bila kupasua kiinitete. Weka na mengine makavu pembeni, na kabla hujafungua lolote waulize kwa nini lililoloweka limekuwa kubwa na maji yameingilia wapi. Kile kitundu kidogo karibu na kovu, ukilibana harage lililoloweka kwa vidole, tone la maji linatokea pale pale. Hilo ndilo la kulisogezea kamera.

Mwl Mpya Bahi

Imekubali! Ilikuwa waya. Nimejaribu sasa hivi na maharage ya jikoni, tone limeonekana. Ahsante sana mwalimu, Jumanne nitaleta mrejesho wa darasa hapa hapa.